Misingi ya Kalamuolojia: Namna ya Kumtambua Mtengenezaji wa Peni ya Semina Jijini Kigali

Mwanafunzi, kaa wima. Toa peni iliyo mfukoni mwako uiweke mezani, na usiiguse tena mpaka utakapoambiwa. Umekuwa nayo tangu semina ya mwezi uliopita. Umepigia hesabu za duka, umejazia fomu, umekunia sikio, umetafuna kichwa chake wakati wa mada ndefu. Na hata sasa hujui ni nani aliyeitengeneza. Unamjua aliyeilipia tu, kwa sababu jina lake limechapwa ubavuni kwa herufi nene. Lakini aliyelipa siye aliyetengeneza. Juu ya sentensi hiyo moja imejengwa taaluma nzima ya kalamuolojia, na hakuna taaluma nyingine duniani isiyoitegemea, kwa kuwa hakuna isiyoandikwa.

1.0 Usuli wa Tatizo

Anayesoma mamba huenda mtoni; anayesoma peni ya semina huja Kigali. Tangu Kigali Convention Centre na kuba lake linalowaka rangi usiku vifunguliwe Julai 2016, jiji hili halijapumzika. Mwezi huohuo lilipokea mkutano wa 27 wa wakuu wa Umoja wa Afrika. Oktoba mwaka huohuo likazaa Marekebisho ya Kigali ya Itifaki ya Montreal. Machi 21, 2018, nchi 44 zilitia saini hapa mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Bara la Afrika. Juni 2022 wakaja wakuu wa Jumuiya ya Madola, na Machi 2023 wakaja wajumbe wa FIFA. Wanahistoria wameandika mengi kuhusu yaliyoafikiwa katika vikao hivyo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani alitengeneza peni zilizokuwa mezani. Hilo ndilo pengo la kimaarifa ambalo makala haya yanakuja kuliziba.

Chini ya mikutano hiyo mikubwa kuna bahari ya warsha, semina, makongamano na mafunzo ya siku tatu katika kumbi za hoteli, kuanzia Kacyiru hadi Remera na Nyarutarama. Mpangilio wa meza haubadiliki: chupa ya maji, peremende za mnanaa kwenye kibakuli, daftari jembamba, na juu ya daftari, kwa mshazari, peni. Mshiriki anaweza kusahau mada, akasahau miwani, akasahau hata koti. Peni hasahau. Kwa hiyo kila nyumba ya Kigali yenye mtu mmoja tu aliyewahi kwenda semina ina hifadhi ya kitaaluma, kwa kawaida ndani ya kopo la Nido juu ya friji, ambayo haijawahi kuorodheshwa.

2.0 Fasili

Mwanafunzi asiyetofautisha istilahi hizi asiendelee kusoma.

Fasili ya 1. Peni ya semina ni chombo cha kuandikia kinachogawiwa bure, chenye jina la asiyekitengeneza, kwa mtu asiyekihitaji, ili aandike asichokusudia kukisoma tena.

Fasili ya 2. Mtangazwa ni yule ambaye jina lake linasomeka ubavuni. Ametoa fedha. Hana mchango mwingine wowote.

Fasili ya 3. Mchapaji ni yule aliyelitia jina la mtangazwa juu ya ganda. Huyu amewahi kuishika peni, jambo linalomweka ngazi moja juu ya mtangazwa.

Fasili ya 4. Mtengenezaji ni yule ambaye bila yeye peni isingekuwapo. Kwa sababu hiyo jina lake halionekani.

Fasili ya 5. Mmiliki ni yeyote aliye na peni kwa wakati husika. Usiulize aliipataje. Katika kalamuolojia, kuazima na kumiliki vinatofautiana kwa muda tu, na muda wenyewe haujawahi kuzidi dakika kumi.

3.0 Mapitio ya Waliotangulia

Historia ya taaluma hii inagawanyika katika zama tatu, na usikubali mtu akuambie ni nne.

Zama za Saini zilianza London mwaka 1822, Sampson Mordan na John Isaac Hawkins walipopata hataza ya penseli ambayo risasi yake husukumwa kutoka ndani bila kuchongwa. Mordan alikuwa fundi wa fedha na alijua thamani ya jina. Kampuni yake iligonga jina hilo juu ya penseli zake, na hadi leo mtafiti akiokota moja anajua papo hapo baba yake ni nani. Mwaka 1915 Hayakawa Tokuji wa Tokyo akatoa penseli yake ya chuma, nayo ikawa na ncha na jina kiasi kwamba, hata baada ya tetemeko la 1923 kuteketeza kiwanda chake naye akahamia Osaka kuunda redio, kampuni yake ilikuja kubeba jina la penseli: Sharp. Wengi wanaotazama runinga za Sharp hawajui kwamba wanatazama kizazi cha penseli. Nimewaambia.

Ng'ambo ya pili, Marekani, Charles Keeran wa Illinois alibuni penseli ya Eversharp, kisha akahamia Autopoint ya Chicago. Hapo ndipo penseli ya matangazo ilipopata ufahari wake: gereji, wauza nafaka na mawakala wa bima walizigawa kwa wateja, jina la gereji likiwa ubavuni na jina la mtengenezaji likibaki juu ya kishikizo. Brown & Bigelow wa St. Paul walikuwa na Redipoint yao. Ritepoint ya St. Louis ilitoa penseli zenye kichwa cha plastiki angavu kilichojazwa mafuta halisi, ili mteja wa kampuni ya mafuta aione bidhaa ikicheza huku na huku anapoandika orodha ya madeni yake. Ona heshima iliyokuwapo: majina mawili juu ya mwili mmoja, kila moja mahali pake, wala hayagombani.

Zama za Wingi zilifuata. László Bíró, Mhungaria, alipata hataza ya kalamu ya gololi Uingereza mwaka 1938. Desemba 1950 Marcel Bich akaingiza sokoni Bic Cristal nchini Ufaransa, na kufikia mwaka 2006 peni za Bic zilizouzwa zilikuwa zimefika bilioni 100. Mtengenezaji alikuwa bado ana jina, lakini peni yenyewe ilikuwa imepoteza haya.

Zama za tatu ni hizi zetu, Zama za Ububu. Peni inafika mezani bila saini yoyote isipokuwa ya mlipaji. Hapo ndipo mimi na wewe tunapoingia.

4.0 Viungo vya Ushahidi

Sasa unaweza kuigusa peni. Itazame kwa lenzi ya kukuzia. Asiye na lenzi atumie kamera ya simu, ingawa taaluma haitamheshimu. Soma viungo sita kwa mpangilio huu, na mpangilio usivunjwe.

4.1 Kishikizo. Hiki ndicho kinachoningʼinia mfukoni. Kimevunjika? Data imepotea. Kipo? Geuza utazame mgongo wake, upande unaogusa kitambaa cha shati. Mtengenezaji mwenye aibu huandika hapo, akijua kwamba hakuna atakayetazama.

4.2 Mshono. Ni mstari mwembamba unaoshuka ubavuni, mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Upitishie ukucha. Ukucha ukikwama, kalibu ilikuwa imechoka. Ukiteleza, ama kalibu ni mpya ama ukucha wako ni mfupi. Pima vyote viwili.

4.3 Kitovu. Kila ganda la plastiki lina alama ndogo, mahali plastiki ya moto ilipoingilia. Wasiosoma hudhani ni kasoro. Mwanafunzi wa kitovulojia hutambua kuwa hapo ndipo peni ilipokatwa na ulimwengu uliotangulia.

4.4 Namba ya chumba. Kalibu moja huwa na vyumba vingi, na kila chumba hupewa namba, ili peni mbovu ikionekana kiwandani wajue chumba gani kina kasoro. Namba hiyo, ndogo kuliko chembe ya mtama, hukaa ndani ya ganda au kwenye kifuniko: 3, 7, 12. Peni mbili zenye namba 7 kutoka kalibu moja ni ndugu wa tumbo moja. Namba 7 na namba 12 za kalibu hiyohiyo ni ndugu wa baba mmoja. Namba 7 na namba 7 za kalibu mbili tofauti hazihusiani kabisa, na mtafiti anayeziita mapacha ndiye anayeifanya taaluma yetu ichekwe na wataalamu wa kamba za beji.

4.5 Mrija. Fungua peni, toa mrija wa wino, uupime. Mrija wa milimita 98 ni wa ukoo wa Parker, unaoitwa G2 katika viwango vya kimataifa. Wa milimita 67, mwembamba, ni D1, ambao hukaa hasa katika peni za rangi nyingi. Mrija usio na urefu wa ukoo wowote ni wa kiwanda kilichoamua kuishi peke yake.

4.6 Gololi. Hii ndiyo roho. Ni kijitufe cha kabidi ya tangsteni, kwa kawaida chenye kipenyo cha milimita 0.7 au 1.0, kinachozunguka kwenye tundu lake kikibeba wino kutoka ndani kuja nje. Kila neno lililowahi kuandikwa semina, pamoja na "tutaendelea baada ya chai", limepita juu ya mgongo wa gololi.

5.0 Fonolojia ya Mbofyo

Viungo sita vikishindwa, bado kuna sauti. Peni ya kubonyeza husema, na husema kwa lafudhi ya kiwanda chake. Mibofyo inagawanyika hivi:

(a) Kipasuo. Tak! Sauti moja, kavu, ya ghafla. Springi yake ni ngumu na kitufe ni cha chuma.

(b) Kikwamizo. Shhk. Plastiki inasuguana na plastiki. Kitufe hushuka kwa manungʼuniko na huenda kisirudi.

(c) Kingʼongʼo. Mbofyo hutokea ndani kabisa na kusikika kupitia ganda, kama kwamba peni ina mafua.

(d) Mbofyo ambatani. Sauti mbili, tik-tok, ya kushuka na ya kupanda. Mtafiti makini hurekodi zote mbili, maana kuna peni ambazo hushuka kwa kipasuo na kupanda kwa kikwamizo, jambo ambalo bado linahitaji nadharia.

Peni za kuzungusha hazina mbofyo. Zimewekwa katika kundi la vimya na hazijadiliwi.

Usampulishaji wa sauti ufanywe wakati wa mada ya kwanza baada ya chakula cha mchana, washiriki wanapoanza kubofya bila kujua. Mwenyekiti atasema, "Tunaomba utulivu." Hapo funga daftari, data imeshachafuliwa.

6.0 Uainishaji: Aina Sita

Peni zote za semina zilizowahi kuwekwa mezani Kigali zinaingia katika aina hizi sita. Ikitokea peni isiyoingia, peni hiyo ina makosa.

Aina ya I: Majitajo. Hizi hutaja mtengenezaji wazi. Mfano mkuu ni Bic: pembe sita, kitundu kidogo ubavuni cha kusawazisha hewa, na tangu 1991 tundu kwenye kifuniko ili atakayekimeza apate pumzi. Lakini usilegee. Bic iliyokuja Kigali kwa barabara huenda ilizaliwa Nairobi, ambako kampuni ya Haco iliitengeneza kwa leseni kwa miongo kadhaa mpaka Bic yenyewe ilipokichukua kiwanda mwishoni mwa 2018. Kwa hiyo Bic moja ya Nairobi inaweza kuwa na mtengenezaji yuleyule na isiwe na mtengenezaji yuleyule, kutegemea siku iliyotoka kalibuni. Kundi hili lina pia peni za Nice House of Plastics ya Kampala, ambazo hujitaja kwa ujasiri wa jirani anayejua kwamba nyumba yake iko karibu.

Aina ya II: Mafichojina. Hizi zina jina la mtengenezaji, ila limefichwa. Ndizo peni za wafadhili na balozi: Prodir ya Uswisi, Senator, Schneider na Klio-Eterna za Ujerumani, Stilolinea ya Italia. Tafuta mgongoni mwa kishikizo, shingoni, au pembeni mwa kitufe. Herufi ni ndogo mno. Mtengenezaji wa namna hii anaamini kwamba anayestahili kumjua atamtafuta, na amesubiri kwa subira mpaka ukaja wewe.

Aina ya III: Mabubu. Hizi ndizo nyingi. Zinagawanyika katika III(a), bubu wa kuzaliwa, ambaye hakuwahi kuandikwa kitu. Na III(b), bubu wa kunyamazishwa, ambaye kishikizo chake kina kijishimo cha mstatili, mahali jina lilipokuwa kabla halijafutwa kwenye kalibu. Ukikuta III(b), simama kidogo kabla ya kuendelea.

Uwandani, katika duka moja la vifaa vya ofisi pale Quartier Matheus, nilimkuta kijana amekaa na boksi la peni nyeupe zisizo na neno lolote. Nilimuuliza nani alizitengeneza.

"Zinatoka China, Mzee."

"China ni kubwa, mwanangu. Nani hasa?"

Akaligeuza boksi, akasoma ubavu wa kwanza, akasoma wa pili.

"Hapa wameandika ni peni elfu moja."

"Na jina la aliyezitengeneza?"

"Jina tunaandika sisi hapa, Mzee. Unataka tuandike la nani?"

Katika data zote za uwandani hakuna tamko zito kuliko hilo. Nyuma ya kijana kulikuwa na mashine ya kuchapia: sahani ya chuma iliyochorwa nembo, wino juu yake, na pedi laini ya silikoni iliyoshuka, ikanyonya nembo kutoka kwenye sahani, ikasogea, ikaibusu peni. Peni ikaingia bila jina upande mmoja na kutoka upande wa pili ikiwa na jina, simu, barua pepe na kaulimbiu. Kutokana na tukio hilo naiweka Kanuni ya Kinyume: ukubwa wa jina juu ya peni huongezeka kadiri mwenye jina anavyokuwa mbali na kazi ya kuitengeneza. Nimeijaribu kanuni hii katika nyanja nyingine, nje ya peni, na haikunikatisha tamaa.

Aina ya IV: Mahuluti. Ganda la mmoja, mrija wa mwingine, kitufe cha wa tatu. Huzaliwa nyumbani, hasa wakati wa mitihani ya watoto. Dalili yake kuu ni mrija mfupi uliosogezwa mbele kwa kipande cha karatasi kilichoviringishwa na kusukumwa kisogoni. Kiviringishi hicho, chenye mabaki ya hesabu za darasa la nne, ni sehemu halali ya peni na mviringishaji anahesabiwa mtengenezaji msaidizi. Andika jina lake, kama anakubali kukiri.

Aina ya V: Mafutika. Chapa ya pedi hukaa juu ya plastiki, haiingii ndani, na kidole gumba cha mwandishi huila siku hadi siku. Ufutikaji una hatua nne: barua pepe hutangulia kwa kuwa ina herufi ndogo, hufuata namba ya simu, kisha kaulimbiu, mwisho nembo. Katika hatua ya tatu peni husomeka vipande: "...kwa maendel...", na mmiliki hawezi tena kusema ilitoka wapi. Wasiojua husema peni imeharibika. Sisi husema peni imerudi kwa mtengenezaji wake.

Aina ya VI: Matoba. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mwaka 2019 ikatunga sheria dhidi ya vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja. Peni haikutajwa kuwa mhalifu, lakini ilijihisi. Ndipo zikaja peni za mianzi, za karatasi iliyokunjwa, za plastiki iliyochanganywa na majani ya ngano, kila moja ikiwa na picha ya jani la kijani ubavuni. Fungua moja. Ndani utakuta mrija wa plastiki, springi ya chuma na gololi ileile. Mtengenezaji wa toba ni mmoja. Mtengenezaji wa dhambi ndani yake ni mwingine. Andika wote wawili.

7.0 Mtengenezaji ni Nani Hasa?

Hapa wanafunzi wengi huacha masomo. Tumesema mtengenezaji ni yule ambaye bila yeye peni isingekuwapo. Lakini peni ina ganda, mrija, ncha, gololi, wino, springi na chapa, na kila kimoja chaweza kutoka kiwanda chake. Peni ya semina ina wazazi saba na haijaonana na hata mmoja.

Shuhudia uzito wa jambo hili. China ilipeleka mtu angani mwaka 2003. Januari 2016 waziri mkuu wake, Li Keqiang, alilalamika hadharani kwamba nchi yake bado haiwezi kutengeneza ncha ya peni inayoteleza vizuri. Ilikuwa inatoa peni kwa mabilioni kila mwaka huku ikitegemea ncha au chuma chake kutoka Japani, Ujerumani na Uswisi. Mashine za kutengenezea ncha hizo zilitoka sana kwa kampuni kama Mikron, katika mji mdogo wa Agno, Uswisi. Januari 2017 ndipo kampuni ya chuma ya Taiyuan ilipotangaza kwamba imefanikiwa kutoa waya wa chuma wa milimita 2.3 ufaao kwa ncha. Hitimisho ni dhahiri: kati ya kupeleka mtu angani na kutengeneza ncha ya peni, angani ni karibu zaidi.

Basi peni iliyogawiwa Kacyiru, yenye jina la mradi wa maji, ganda la China, mashine ya Uswisi nyuma ya ncha yake na karatasi ya darasa la nne kisogoni, ni ya nani? Shule ya Mrija husema ni ya aliyetoa wino, kwa sababu peni isiyoandika ni kijiti. Shule ya Gololi husema ni ya aliyetoa gololi, kwa sababu wino bila gololi ni doa. Shule zote mbili zimekosea kwa kiwango kinachokaribiana. Mtengenezaji ni mwenye kalibu. Kalibu ndiyo iliyotoa ganda, na bila ganda pasingekuwa na mahali pa kuandika jina la mtu mwingine. Suala hili nimelifunga.

8.0 Upigaji wa Tarehe

Ganda likikataa kusema, matini yake yaweza kusaidia, angalau kwa umri wa mtangazwa.

Peni yenye "B.P." mbele ya namba ya sanduku la posta inaongea Kifaransa, yenye "P.O. Box" inaelekea upande wa Kiingereza, na kwa kuwa Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Jumuiya ya Madola mwaka 2009, mtafiti hupima hapo. Peni yenye zote mbili kwa mkupuo mmoja ni ya kipindi cha mpito, nayo ni adimu, usimwonyeshe mtu. Peni ya kampuni ya simu ya Rwandatel haielekei kuwa changa kuliko 2011, mwaka leseni yake ya simu za mkononi ilipofutwa. Peni ya KIST, chuo kilichoanza 1997, inaishia 2013, chuo hicho kilipomezwa na Chuo Kikuu cha Rwanda. Peni ya Tigo, kampuni nyingine ya simu, inaishia karibu na 2018, Airtel ilipoichukua. Peni yenye anwani ya KN au KG imezaliwa baada ya mitaa ya jiji kupewa namba. Kabla ya hapo watu walielekezana kwa kutaja jengo, gereji au msikiti. Peni iliyochapwa Kiswahili kitupu, katika nchi iliyokifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, itakapopatikana iletwe kwangu kabla haijaandikiwa.

Tahadhari: tarehe hizi zote ni za mchapo. Peni nyeupe inaweza kulala boksini Quartier Matheus miaka kadhaa ikisubiri jina. Ganda ni kongwe kuliko jina lake. Mwanafunzi anayechanganya umri wa chapa na umri wa ganda atakuwa amempa mtangazwa heshima ya pili asiyoistahili.

9.0 Maadili ya Uwandani

Usifungue peni ya mgeni rasmi kikaoni. Fungua ya jirani, akiwa ametoka kupokea simu.

Springi ikikuponyoka itaruka. Hilo liko katika maumbile yake. Iache iende. Usiifuate chini ya meza kuu, wala usieleze. Nimemwona mtafiti mwenye uwezo mkubwa akitambaa kati ya viatu vya waalikwa wakati wimbo wa taifa unapigwa, na mchango wake kwa taaluma umekoma hapo.

Usimwambie mtangazwa ukweli kuhusu peni yake. Ameilipia.

10.0 Mtihani

Muda ni saa mbili. Jibu maswali yote.

Swali la 1. Peni inabofya kwa kipasuo inaposhuka na kwa kikwamizo inapopanda. Jadili. (Alama 1)

Swali la 2. "Ndugu wa chumba kimoja hawahitaji jina." Tathmini kauli hii kwa kuzingatia namba 7. (Alama 1)

Swali la 3. Kwa kutumia Kanuni ya Kinyume, eleza kwa nini jina la fundi aliyejenga ukumbi unaofanyia mtihani huu halipo ukutani. (Alama 1)

Swali la 4. Mtaje mtengenezaji wa peni unayotumia kujibu mtihani huu. (Alama 97)

Peni za nyumbani haziruhusiwi ukumbini. Kila mtahiniwa atapewa moja mlangoni, nyeupe, mpya, iliyochapwa jina langu kamili, namba yangu ya simu na maneno "Mwasisi wa Kalamuolojia".